Kahawa Kwanza, Ndipo Damu

Kwa miaka mingi nilipanga safari zangu kwa kufuata friji. Mtu mwingine akitafuta kibarua huuliza chakula na mahali pa kulala. Mimi niliuliza kama kuna friji, ni ya nani, na umeme hukatika mara ngapi. Nilipopakia ndizi kwenye malori, nilipochimba bati huko Kyerwa, nilipochunga ng'ombe wa watu karibu na mto Kagera, insulini yangu ilikuwa imelala kando ya soda za muuza duka fulani mwenye huruma. Pasipo na friji nilichimba shimo, nikaweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, na mchanga uliolowa katikati. Shimo linafanya kazi vizuri, ila huwezi kulibeba ukahama nalo.

Sijapona sukari. Niliseme hilo mapema ili asije mtu akanifuata kutafuta mganga. Lakini ile kamba iliyonifunga imekatwa, na ilikatwa kwa damu ya watu ambao hawakutaka kuitoa. Nawaandikia walio kwenye benchi nililokuwa nimekaa, hasa wale ambao sukari iliwashika wakiwa bado vijana, na nyumbani kwao wamo wengine.

Shule niliiacha mwenyewe kidato cha pili. Walimu walinichosha kwa kukataa maswali, nami niliwachosha kwa kuyauliza. Nikaingia barabarani. Haukupita muda mrefu kiu ikanianza. Nilikunywa maji ya dumu kama ng'ombe aliyerudi malishoni, na nilipokojoa nyuma ya migomba, asubuhi nilikuta sisimizi wamepanga mstari mahali pale. Mkanda ukaingia tundu jipya, kisha nikatoboa lingine kwa msumari. Maandishi ya nyuma ya malori, ambayo ndiyo gazeti langu, yakaanza kuogelea. Nilipopelekwa zahanati walipima kidole, wakaniambia ni sukari, na kwa kuwa nilikuwa kijana na mwembamba, nikaanzishiwa sindano.

Walio kwenye sindano hawahitaji kuelezwa. Mapaja yangu yalifanya mabonge magumu mithili ya viazi. Kuna siku sukari ilishuka nikiwa mgodini, nikalowa jasho, nikaanza kugombana na sururu. Mwenzangu mmoja alinimenyea ndizi mbivu, akanisukumia mdomoni bila kuniuliza, kama anayelisha mtoto mkaidi. Sijui yuko wapi siku hizi. Namshukuru hapa.

Kliniki yangu ilikuwa hospitali moja ya misheni huko Karagwe. Siku ya sukari watu hufika bila kula, benchi linajaa kabla ya jua kushika, kila mmoja na chupa yake ya uji akiisubiri kama mwali. Hapo nilijifunza kungoja, kitu ambacho shule haikuweza kunifundisha. Nilijifunza pia kutaniwa.

"Wewe," mzee mmoja aliniambia, akinipima kwa macho, "mwembamba kama mti wa kupandishia maharage. Sukari umeitoa wapi? Huu ugonjwa ni wa wenye vitambi."

"Niliazima, mzee."

"Irudishe basi. Wenyewe tumekaa hapa tunaitafuta."

Benchi zima likacheka, na nesi akatutaka tupunguze kelele.

Mambo yalibadilika alipokuja daktari mpya, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Wengine waliniuliza nimekula nini. Yeye aliuliza nyumbani nani mwingine anayo. Nikamwambia: baba, alikatwa mguu kisha akafariki, naye alikuwa mwembamba maisha yake yote. Babu, wanasema alikufa akiomba maji. Shangazi yangu wa Ihanda anayo hadi leo. Kisha akauliza ilikuwaje siku nilizokosa sindano. Nikamweleza kwamba mwaka mmoja mvua ilikata barabara ya mgodini, dawa ikaharibika kwa joto, nikakaa muda mrefu bila kuchoma. Nilikonda, nikanywa maji mengi, lakini nilitoka kule kwa miguu yangu.

Akaweka kalamu chini.

"Kwa aina ya sukari uliyoandikiwa humu kwenye faili, Novatus, usingetoka kwa miguu. Ungetolewa."

Akanieleza kwamba zipo familia ambazo sukari yao inatokana na badiliko moja tu kwenye vinasaba, yale maagizo ya mwili tunayopokea kwa baba na mama. Baadhi ya watu wa namna hiyo hawahitaji insulini kabisa. Huenda vizuri na vidonge vya kawaida, vile vinavyopatikana hata duka la dawa la sokoni. Akaongeza kwamba upo utafiti wa kusoma vinasaba, na kwamba siku hizi kazi hiyo inafanyika humu humu nchini. Ningependa kuingia?

Ningependa? Mimi ambaye nikiona mtu anafungua injini nasimama mpaka aifunge? Nilikunja shati kabla hajamaliza.

Damu ilichukuliwa wakati kahawa inaanikwa kwenye maturubai. Majibu yalikuja senene wameanza kuruka, watu wamewasha taa zao na kusimamisha mabati ya kuwanasia vilimani. Katikati hapo niliendelea kuchoma sindano kama kawaida, na kusumbua watu kwa simu. Dada aliyekuwa akichambua vinasaba kwa kompyuta huko Dar es Salaam, Neema, alinipa namba yake, nadhani kwa kutonijua. Nilimuuliza kila kitu. Alikuwa na uvumilivu ambao walimu wangu hawakuwa nao.

Siku aliyonipigia mwenyewe, nilikaa chini.

"Tumeona herufi moja iliyobadilika," alisema, "kwenye kinasaba kinachohusika na sukari. Lakini usifurahi bado. Hatujawahi kuiona kwa mtu mwingine. Inaweza kuwa ndiye mwizi mwenyewe, inaweza kuwa mpita njia tu."

"Kompyuta haijui?"

"Kompyuta inajua watu iliowahi kuonyeshwa, na wengi wao ni wa nchi za mbali. Wa huko kwenu ni wachache mno humo. Huenda herufi hiyo wanayo watu wengi wazima wa Karagwe na Kyerwa, sisi hatujui tu."

"Sasa?"

"Nahitaji ndugu zako. Wenye sukari, na wazee wasio nayo. Ikiwa kila mwenye sukari anayo, na asiye na sukari hana, tutakuwa na la kusema. Wakiwa wachache hatutaweza kuapa, lakini daktari wako atakuwa na sababu ya kukujaribu kwa vidonge."

Bila hiyo, daktari hakuwa tayari kuniondolea sindano, na alikuwa sahihi. Kwa hiyo maisha yangu yote yaliyobaki, niyaishi barabarani au kando ya friji, yakawa mikononi mwa watu watatu: mama, shangazi na baba mdogo.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilidhani kazi ngumu imekwisha.

Kwetu neno DNA lina kazi moja. Watu wamelisikia redioni: mwanaume ana shaka, mtoto anapimwa, nyumba inavunjika. Hakuna aliyewahi kulisikia likitajwa pamoja na sukari. Na familia yangu ilikuwa na mahali pake pa kuumia. Mama yangu alikuja na wazazi wake kutoka Rwanda, wakawa vibarua wa kuchuma kahawa. Baba alimwoa haraka, nami nikazaliwa haraka. Tangu hapo minong'ono ikawa haiishi, kwamba pua hii si ya Nyakatuntu, kijiji cha baba, kwamba miguu hii mirefu inajua ilikotoka. Baba alipofariki, kibanja chake chenye migomba, kahawa na kaburi lake kilibaki kwa mdogo wake, Respicius. Mama alihamia kwa kaka yake huko Bweranyange. Mimi sikudai kitu. Mtu asiyekaa mahali atalima lini?

Nilianza na mama. Alikuwa akipukuchua maharage. Nilieleza vizuri, nikachora hata picha chini kwa kijiti. Hakuinua uso.

"Umechelewa kunipima," alisema. "Baba yako mwenyewe hakuwahi."

"Mama, ni sukari."

"Nimesikia ni sukari. Wao watasikia Novatus ameenda kupima damu ya ukoo. Watasema hata mtoto mwenyewe ana shaka na mama yake." Akamimina maharage kwenye ungo. "Kula kwanza. Umekonda."

Nikaenda Nyakatuntu. Baba mdogo alinikaribisha kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikakataa kwa sababu ya sukari, naye akachukulia kwamba nimekataa kwa sababu nyingine. Nilipomaliza kueleza alifuta mdomo.

"Kwa hiyo umeleta serikali kibanjani."

"Baba mdogo, sitaki kibanja."

"Leo hutaki. Lakini karatasi haizeeki. Hilo kaburi la kaka yangu nani analipalilia? Mimi. Siku moja utakuja na karatasi yako, utasema ondoka."

"Na karatasi ikisema mimi si wa hapa?"

"Hiyo nayo sitaki kuiona," alisema, na nilisikia kwamba alimaanisha. Alimpenda kaka yake. Alikuwa amekwama kama mimi, ila upande wa pili.

Nilikaa wiki kadhaa nimekata tamaa, nikifikiria kupotelea Uganda na chungu changu. Ni hasira tu iliyonipeleka Ihanda, kwa shangazi Adventina. Nilimkuta amekaa uani, macho yake yamefifia, kidonda cha kidole cha mguu kimefungwa kitambaa. Yeye alikuwa akinywa vidonge vya aina nyingine visivyomsaidia sana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimesikia unatafuta damu kama mbu."

Habari ilikuwa imenitangulia. Nikamweleza yote, na minong'ono nikaitaja, kwa kuwa nilichoka kuizunguka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wakisema wewe si mtoto wa kaka yangu, utaniitaje?"

"Shangazi."

"Umejibu haraka."

"Sina mwingine."

Akacheka kidogo. Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya kunukia ikaanikwa mpaka ikakauka. Alikuwa nayo kwenye kikapu kidogo magotini, akiichezea kwa vidole. Akaniuliza kama nimewahi kusikia omukago. Nilisikia tu. Zamani watu wawili wasio ndugu waliweza kufanywa ndugu: kila mmoja alichanjwa, kahawa ikapakwa damu yake, mwenzake akaimeza. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kusema huyu si wetu. Aliyesema alionekana kama anayejila mwenyewe.

"Babu yako alikuwa na ndugu wa namna hiyo," alisema. "Hata asili yake hatukuijua. Alipokufa tulimlilia kama baba. Sasa hawa wote wanaogopa damu itasema nini. Basi tuifunge mdomo kabla haijasema."

Januari, mvua zilipopumzika, alikuja Nyakatuntu kwa bodaboda, kikapu chake kifuani. Alikuwa dada mkubwa, hakuna aliyethubutu kumwambia hapana. Mama alikuja pia, kwa kuwa shangazi alimpigia mwenyewe. Lakini hakuingia uani. Alisimama kwenye njia ya migomba kama mtu anayeuliza njia. Alikuwa hajakanyaga pale tangu arobaini ya baba.

"Wifi," shangazi aliita, "mimi sioni mbali. Usinifanye nikufuate."

Mama akaja, akakaa mkekani. Nesi wa hospitali alikuwa amefika na pikipiki na boksi lake la baridi. Alianza kwa kueleza kama walivyomfundisha: kwamba wanatafuta herufi ya sukari tu, kwamba nani ni mtoto wa nani hawatafuti wala hawaandiki, kwamba kila mtu ana haki ya kukataa.

"Na mkiona kitu kingine humo?" baba mdogo aliuliza.

"Hatukitafuti, mzee."

"Mtu anaweza kuona asichokitafuta."

"Ndiyo maana nimekuja na hii," shangazi alisema, akafunua kikapu. "Padri hapendi mambo ya kuchanjana, na nesi naye naona amenuna. Sawa. Damu atachukua yeye. Kahawa tutatafuna sisi, na tutatafuna kwanza. Atakayetafuna amekubali kwamba Novatus ni mtoto wa kaka yangu, na huyu ni mke wake, leo na siku majibu yakija, yaje na pembe au yaje na mkia. Asiyetaka, njia ile pale."

Akampa mama wa kwanza. Mama akaitia mdomoni, akatafuna polepole akiangalia chini. Kisha mimi. Kisha yeye mwenyewe. Baba mdogo alibaki na punje yake kiganjani. Nesi, ambaye hakuwa wa kwetu, aliangalia saa yake lakini hakutuharakisha, na kwa hilo namshukuru.

"Na kibanja?" baba mdogo aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Respi," shangazi alisema, "mtoto hajakuomba hata mkungu. Amekuomba vijiko viwili vya damu."

Akaitafuna. Akakunja mkono wa shati mwenyewe, akageukia pembeni ili asione sindano. Mtu mzima yule, anaogopa sindano. Mimi ambaye nilikuwa nimejichoma maelfu ya mara nilimshika bega.

Tulingoja tena. Masika yakaja, barabara zikateleza, maharage yakatoa maua. Nilipata kibarua karibu na hospitali ili nisiwe mbali. Daktari aliponiita, alikuwa ameunganisha simu na Neema, na wote wawili walianza kusema kwa pamoja.

Shangazi anayo herufi. Mimi ninayo. Mama hana. Baba mdogo, ambaye ni mzee na hajawahi kuugua sukari, hana. "Ni mwizi," Neema alisema. "Karibu nina hakika, na vidonge vitatuambia." Aliniambia pia kwamba herufi yetu sasa imeingizwa kwenye kumbukumbu zao, ili kompyuta ikikutana na mtu mwingine kama mimi isitushangae tena. Nilimuuliza maswali mpaka salio lake likaisha.

Nililazwa ili wanibadilishe polepole. Insulini ilipunguzwa, kidonge kikaanza. Asubuhi ya kwanza bila sindano nesi alinipima kidole, akaangalia mashine, akaipangusa, akanipima kidole kingine. Akamwita daktari. Ilikuwa nzuri. Kesho yake nzuri. Daktari alionya kwamba vidonge navyo hushusha sukari kupita kiasi, na kweli siku moja nilichelewa kula nikatetemeka, nikajifunza. Asubuhi ile ya kwanza nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kitandani. Mabonge ya mapajani yamelainika kidogo kidogo tangu wakati huo.

Shangazi naye alibadilishiwa dawa. Kidonda chake kimefunga. Macho hayakurudi, na mara nyingine namfikiria baba na mguu wake, na kidonge kidogo ambacho huenda kingetosha. Hilo sina pa kulipeleka.

Nikuombe jambo moja wewe unayesoma. Usiache sindano yako kwa sababu ya maneno yangu. Kwa wengi insulini ndiyo uhai, na wangekufa kwa kuniiga. Wewe uliza tu. Mwambie daktari nani kwenu anayo, na waliipata wakiwa na umri gani, na kama ni wembamba. Na ukitumwa kuwaomba ndugu damu, usianze na neno DNA. Kaa nao kwanza. Jua wanaogopa nini.

Tulikutana tena Nyakatuntu kupeana majibu. Nilieleza nani anayo na nani hana, na kabla sijamaliza shangazi alikuwa amemgeukia baba mdogo.

"Kumbe mimi na Novatus tunafanana. Wewe Respi huna. Sasa tukuulize, baba yako nani?"

Baba mdogo akageuka rangi. Ilinibidi nieleze upesi kwamba kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuikosa, ni kama kurusha shilingi, haimaanishi kitu. Hakuna aliyenisikiliza. Shangazi alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu, na mama, mama yangu ambaye katika ua ule sikuwahi kumwona hata akitabasamu, alikuwa ameficha uso kwenye kanga, mabega yakiruka. Mwisho baba mdogo naye akashindwa kujizuia.

Walipotulia, mama alinisogelea akiwa bado anafuta machozi.

"Hiyo herufi. Ni ya baba yako kweli?"

"Ni yake, mama."

Aliangalia kaburi kule kwenye migomba, lililopaliliwa vizuri.

"Basi hicho ndicho kitu pekee alichokuachia ambacho hakuna anayekigombania."